Waliohesabiwa Wamekufa: Masista wa Njia ya Mizigo, Kutoka Unguja Hadi Kidodi

Vitabu vya jubilei vya parokia zetu mkoani Morogoro vinafanana. Utakuta jina la padre mwanzilishi, mwaka wa kanisa la kwanza la matofali, orodha ya maparoko hadi huyu aliyepo, na karibu na mwisho, kabla ya majina ya wafadhili, aya moja ya shukrani kwa masista “waliokuja kusaidia”. Aya hiyo kwa kawaida haina jina la mtu. Padre anafungua misheni, sista anakuja kusaidia. Sentensi hii imenakiliwa mara nyingi mno hata hakuna anayeihoji. Mimi naihoji. Kwa ushahidi tulio nao, sentensi hii ni ya uongo, na uongo wake unatufichia jambo kubwa zaidi kuliko cheo cha nani alitangulia.

Kidodi ni mahali pazuri pa kuanzia swali hili. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kilosa umekaa kwenye barabara inayoiacha njia kuu ya Iringa pale Mikumi na kuteremka kuelekea Kidatu na Ifakara. Magharibi kuna milima ya Wavidunda. Upande wa bondeni kuna miwa, miwa hadi macho yachoke, mpaka Ruaha Mkuu. Tangu kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wametoka Iringa, Mbeya, Songea na kwingineko kuja kukata miwa; wengine walirudi kwao, wengine walioa hapa, wengine wamezikwa hapa. Sista wa bonde hili hupokea wagonjwa wale wale siku zote: mtoto wa malaria aliyebebwa mgongoni kwa kanga, kibarua aliyejikata kwa panga la miwa, mjamzito aliyeteremka mlimani kwa miguu, mzee ambaye ndugu zake wako mikoa mitatu mbali. Waulize wazee habari za masista nao watakutajia kazi kabla ya majina: yule aliyekuwa akizalisha, yule wa ushonaji, yule aliyekuwa mkali kwa wanaochelewesha watoto kliniki.

Kumbukumbu ya namna hiyo mwanahistoria wa makaratasi huidharau. Mimi naona ndiyo inayotuonyesha njia. Masista hawa tukiwafuata kwa kazi zao badala ya kufuata mfululizo wa maaskofu, tunafikishwa mbali nyuma ya Kidodi: tunavuka Kilosa na Bagamoyo, tunavuka bahari hadi Unguja, na kutoka Unguja tunafika kisiwa cha Réunion.

Réunion ilikuwa koloni la Ufaransa la mashamba ya miwa. Nalo jambo hilo lina uzito kwa msomaji wa Kidodi. Utumwa ulifutwa huko tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru kwa siku moja, bila ardhi wala mtaji. Miezi mitano baadaye, Mei 1849, binti wa familia ya kizungu ya walowezi, Aimée Pignolet de Fresnes, akishirikiana na Padre Frédéric Levavasseur, alianzisha shirika la Mabinti wa Maria. Lililowachukiza walowezi wenzake ni kwamba shirika hilo liliwapokea waliokuwa watumwa pamoja na waliokuwa huru, weusi na weupe, katika nyumba moja, meza moja na vazi moja la kitawa. Katika kisiwa ambako mwaka mmoja kabla mtu aliweza kumwandika mwenzake kwenye daftari la mali, huu haukuwa ukarimu mdogo. Ulikuwa fitina.

Shirika hilo ndilo lililoleta masista wa kwanza Afrika ya Mashariki. Desemba 1860 msafara ulitia nanga Unguja chini ya uongozi wa Padre Armand Fava, aliyetumwa na Askofu Maupoint wa Réunion. Walikuwepo mapadre watatu na masista sita, pamoja na daktari na mafundi. Krismasi ya mwaka huo waliiadhimisha mjini Unguja, Sultani akiwa Majid bin Said. Hebu tuhesabu: masista sita kwa mapadre watatu, katika chombo kimoja, siku moja. Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao karibu kila historia ya Kanisa katika mkoa wetu huanza nao, hawakuwa wamefika. Padre Antoine Horner na wenzake walikuja mwaka 1863, wakakuta hospitali inafanya kazi na masista wamo ndani yake. Kama kuna waliokuja kusaidia, basi ni hao wa 1863.

Najua jibu litakalotolewa. Wengine watasema kwamba hospitali ilikuwa kivuli cha Ufaransa, kwamba nchi hiyo ilitafuta mahali pa kuweka mguu Unguja dhidi ya Uingereza, na kwamba masista walikuwa pambo la siasa. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Konsuli wa Kifaransa hakuwa mtazamaji tu. Lakini hoja hiyo inatueleza habari za konsuli, haituelezi habari za wodi. Mtu anayeosha kidonda chenye funza haoshi kwa niaba ya konsuli.

Naingia sasa katika habari iliyonifanya niandike makala haya. Mwaka 1870 kilitoka Paris kitabu kidogo cha Monsinyori Gaume juu ya msichana aliyeitwa Suema. Gaume hakuwahi kufika Unguja. Aliegemea maandishi ya Padre Horner, aliyeandika simulizi ya msichana huyo katikati ya miaka ya 1860. Kitabu kilikusudiwa kuwaliza wasichana Wakristo wa Ulaya ili watoe sadaka, na kwa sababu hiyo wengi wamekitupa kapuni. Kwa Kiswahili ni kama hakijulikani kabisa.

Kwa ufupi simulizi ni hii. Suema alikuwa mtoto wa Kiyao. Baba yake, mwindaji, aliuawa na simba. Nzige wakaja, njaa ikafuata, na mama akakopa mtama kwa jirani. Deni likashindikana. Msafara wa biashara ulipopita, mdai alimchukua mtoto badala ya mtama wake na kumtoa kwa wafanyabiashara. Mama, akiwa mtu huru, akaomba aandamane na msafara, akajitolea kubeba pembe ya ndovu ili asitengane na mwanawe. Alibeba mpaka nguvu zikamwisha. Aliposhindwa kubeba alinyimwa chakula, kisha akaachwa njiani, na mtoto akaburutwa mbele mpaka pwani, hadi Kilwa, na kutoka Kilwa kwa jahazi hadi Unguja. Hapo Suema alikuwa mifupa na ngozi. Mwenye mali alimtazama, akaona hauziki, akaamuru akazikwe. Wakamviringisha katika mkeka na kumfukia katika kaburi la juujuu. Kijana mmoja kutoka Réunion aliyekuwa akipita maeneo hayo ndiye aliyemkuta, akamfukua, akampeleka kwa masista.

Haikuishia hapo. Suema alipopona alikaa kwa masista na kuwasaidia kuwahudumia wagonjwa. Siku moja akaletwa majeruhi Mwarabu. Msichana akamtazama, akamtambua: ni mkuu wa ule msafara uliomwacha mama yake. Sista alimtaka amsaidie kufunga vidonda vyake. Alikataa, akalia, akapambana na nafsi yake, mwishowe akashika kitambaa. Baadaye alibatizwa, akapewa jina la Madeleine.

Je, tuiamini? Mashaka ni ya haki, na kila anayesoma kwa makini atayaona. Mtoto wa Kiyao hazungumzi Kifaransa cha seminari. Mwisho wa hadithi umenyooka mno. Adui anarudi kitandani kwa wakati unaofaa ili mafundisho ya msamaha yapate mfano. Mwarabu amechorwa kwa rangi moja, na hilo lilimpendeza msomaji wa Ulaya wa wakati ule aliyekuwa na kiu ya kusikia ubaya wa Waarabu. Naye Muyao mwenzake aliyemtoa mtoto kwa sababu ya deni anapita haraka mno, ingawa ndiye aliyefungua mlango. Haya yote nayakubali.

Lakini kuna wanaotoka hapo wakahitimisha kwamba yote ni utunzi. Hapo tunaachana. Edward Alpers, mwanahistoria wa Marekani aliyewahi kufundisha Dar es Salaam miaka ya 1960 na anayeijua historia ya Wayao kuliko wengi, aliichambua simulizi hii mwaka 1983 katika kitabu juu ya wanawake na utumwa barani Afrika. Hakuyafumbia macho marekebisho ya wamisionari. Lakini aliitazama njia, deni, nzige, nafasi ya mjane asiye na wa kumtetea katika ukoo, bei ya mtoto dhidi ya nafaka, akaona kwamba mfupa wa habari unasimama. Tena maelezo ambayo mwandishi wa kubuni asingeyahitaji yamo ndani yake. Mwandishi wa Paris anayetaka machozi anahitaji mama anayetekwa kwa mjeledi. Hahitaji mama huru anayejiombea mzigo wa pembe za ndovu. Yule mama anayebeba kwa hiari yake ili awe karibu na mwanawe ndiye anayenifanya niamini kwamba nyuma ya kalamu ya Horner kulikuwa na mtoto aliyesema, na mwenye masikio aliyesikiliza.

Nani alimsikiliza kwanza? Horner ndiye aliyeandika, lakini msichana alikuwa wodini, na wodi ilikuwa ya masista. Mtoto aliyefukuliwa kaburini hakuanza kusimulia kwa padre mwenye karatasi. Alianza kusema kwa aliyekuwa akimlisha uji. Kama nakosea, basi nakosea pamoja na kila aliyewahi kumuuguza mtoto.

Angalia pia kaburi lile. Suema alizikwa kwa sababu alishindwa kubeba, kama mama yake alivyoachwa kwa sababu alishindwa kubeba. Katika hesabu ya biashara ile mtu alikufa siku mgongo wake ulipogoma. Roho kuendelea kuwemo mwilini lilikuwa jambo dogo. Kazi ya masista wa Unguja ilianzia hapo: kumchukua mtu aliyekwisha futwa katika daftari na kumhesabu upya. Nitairudia habari hii huko mbele, maana ilirudi yenyewe.

Mwaka 1868 misheni ilivuka bahari kuhamia Bagamoyo, na hapo historia inajulikana kwa wengi: vijiji vya Kikristo vya waliokombolewa, kipindupindu, kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha majengo, mwili wa Livingstone uliopokelewa Februari 1874. Mwandishi wa habari Stanley alipopita mwaka 1871 aliwaita mapadre wa hapo Wajesuiti, jambo ambalo si kweli, akaisifu shampeni yao, jambo ambalo pengine ni kweli, na katikati ya maneno mengi akaandika kwamba palikuwa na mapadre kumi na masista idadi hiyohiyo, na wanafunzi zaidi ya 200. Kumi kwa kumi. Wageni waliofuata walimtaja Horner na Padre Étienne Baur kwa majina. Masista wakabaki idadi.

Lawama dhidi ya Bagamoyo zina ukweli na sioni sababu ya kuzizunguka. Watoto walinunuliwa, na fedha ya mkombozi iliingia mfuko uleule wa muuzaji mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Maisha ya kijijini yalipangwa kwa kengele, shamba na ndoa zilizosimamiwa. Padre Paul Kollman, katika utafiti wake wa mwaka 2005, ameonyesha jinsi waliokombolewa walivyopanga maisha yao wenyewe, wakajadiliana na wakubwa zao, na wengine wakaondoka zao walipochoka. Nakisifu kitabu chake. Ila hata yeye, kwa kuwa nyaraka zilizosalia ni za mapadre, anawaona wasichana wa misheni kupitia dirisha la wanaume.

Mfano wa jinsi kumbukumbu inavyochagua ni mbuyu wa Bagamoyo, uliopandwa mwaka 1868 penye uwanja wa misheni. Karibu na shina lake, pingili chache za mnyororo zimetokeza kwenye gome. Mti umeumeza uliobaki. Wageni wengi wanapiga picha wakiamini wameona mnyororo wa watumwa. Habari inayosimuliwa pale misheni ni nyingine: mnyororo ulikuwa wa punda wa Madame Chevalier, mwanamke mlei Mfaransa aliyehudumu katika zahanati mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo punda ana historia, na mwenye punda ana historia, na wote wawili wanastahili. Lakini makaburi ya masista yako hatua chache kutoka hapo, katika makaburi ya misheni, ya wanawake waliokufa kwa homa wakiwa vijana, na kundi la wageni huyapita likikimbilia mnyororo.

Kutoka Bagamoyo misheni zilipanda bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro 1882, Ilonga katika nchi ya Kilosa mwaka 1885. Kipindi cha Wajerumani nitakipita mbio. Msomaji ana vitabu vya kutosha juu ya Carl Peters na mikataba yake ya Usagara. Jambo moja tu: Sista Martha Wansing, Mbenediktini aliyeuawa Pugu tarehe 13 Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, pamoja na Masista Felisitas Hiltner na Cordula Ebert waliouawa na Askofu Cassian Spiss karibu na Liwale tarehe 14 Agosti 1905, majina yao tunayo kwa sababu walikufa kwa silaha. Kanisa linajua kuandika jina la aliyechomwa mkuki. La aliyekufa kwa malaria akiwa zamu ya usiku hulisahau.

Septemba 1916 Kidodi inaingia katika historia ya dunia kwa mlango mbaya. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza ya Jenerali van Deventer yalipoishika Kilosa yalisukuma kusini, yakapita Kidodi kuelekea Ruaha, yakiwafuata askari wa Kijerumani wa Lettow-Vorbeck. Mbung’o waliua farasi na ng’ombe. Magari yalizama topeni mvua zilipoanza. Kilichobaki ni vichwa vya watu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita ile, na vifo vilivyoandikwa vinapita 90,000, vingi kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria. Wajerumani nao walikamata watu vijijini bila hata kuwaandika. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi hicho cha wapagazi lililobaki mitaani, na wanaonunua nyanya pale hawana habari.

Katika hospitali za wapagazi hao alikuwemo Sista Irene Stefani wa shirika la Konsolata. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915, na kabla hajakaa sawa akapelekwa kuwauguza wapagazi Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, mpaka vita ilipokwisha. Hospitali ni neno la heshima tu. Yalikuwa mabanda ya makuti, wagonjwa mamia kwa mamia chini, dawa haba, na kila siku watu wa kubeba maiti.

Kuna tukio la Kilwa ambalo wenzake walilisimulia. Alikwenda kumtazama mgonjwa mmoja akakuta nafasi yake ni tupu. Wahudumu walimwona amekwisha, wakampeleka ufukweni walikolazwa maiti. Irene akateremka ufukweni, akapekua katikati ya miili, akamkuta mtu wake anapumua. Msomaji wa mashaka atasema: tazama, ni Suema tena, hadithi ileile ya kitawa imebadilishwa nguo. Inawezekana. Ila nina jibu lenye sababu zaidi. Hadithi zinafanana kwa sababu hesabu zilifanana. Msafara wa pembe za ndovu wa miaka ya 1860 na kikosi cha wapagazi cha 1917 viliendeshwa na dola tofauti kwa malengo tofauti, lakini vyote viwili vilimwandika mtu kwa uzito anaobeba, na vyote viwili vilimfukia au kumtupa kabla hajafa, maana mgonjwa alikuwa gharama. Palipo na biashara ya namna hiyo patakuwepo watu hai miongoni mwa maiti. Anayekwenda kuwatafuta atawakuta.

Baada ya vita Irene alirudi Kenya, akahudumia Gikondi, Nyeri, ambako Wakikuyu walimwita Nyaatha. Akitembea kwa miguu vilimani aliwaandikia barua wazee wasiojua kusoma ambao watoto wao walikuwa Nairobi na Mombasa. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata kwa mgonjwa aliyemhudumia, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri. Wakenya walijaa uwanja. Huku kwetu, ambako alitumia miaka ya vita akiwauguza watu waliotolewa vijijini mwetu, sikumbuki kusikia kengele ya pekee ikigongwa Kilwa wala Lindi, achilia mbali Kidodi ambako wapagazi walipita.

Uganda ilikuwa na Mama Kevin Kearney aliyefika Nsambya mwaka 1903 na kuanzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko mwaka 1923. Mtu wa Kampala hahitaji kuelezwa alikuwa nani. Ifakara, jirani zetu ng’ambo ya Ruaha, walikuwa na masista wa Baldegg kutoka Uswisi waliokuja Tanganyika tangu mwaka 1921, na kituo chao cha wakoma cha Nazareti kinajulikana bonde zima. Unguja yenyewe, nyumba ya maskini na wakoma ya Welezo ilitunzwa na masista kwa miaka mingi. Kwa upande wa Kilosa hatuna jina moja linalosimama hivyo. Nadhani sababu ni kwamba huku kwetu kazi ilipita mapema mikononi mwa wenyeji, na wenyeji hawaandikiwi vitabu Ulaya.

Mwaka 1937 Askofu Bernard Hilhorst, wa Vikarieti ya Bagamoyo, alianzisha shirika la Masista wa Moyo Safi wa Maria, makao yake Mgolole, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Hapa ndipo picha inapogeuka, na hapa ndipo vitabu vya jubilei vinapoharakisha kuliko mahali pengine popote. Fikiria binti wa Kiluguru au Kisagara katika miaka ya 1930 anayemwambia mjomba wake kwamba haolewi. Katika jamii za ukoo wa mama kama za Waluguru, binti ndiye mlango wa ukoo. Watoto wake ndio warithi wa ardhi. Nadhiri ya useja ilikuwa hasara kwa ukoo mzima, na mjomba aliyekasirika hakuwa mpagani mkaidi kama ripoti za misheni zilivyomchora. Alikuwa na hoja. Waliokwenda hata hivyo walikwenda wakijua wanachokiacha, na wakafundishwa kusoma, kuuguza, kuzalisha na kufundisha, kisha wakarudishwa katika vijiji vilevile, wakizungumza lugha ya wagonjwa wao.

Sista mgeni alihitaji mkalimani ili aelewe kwamba mama ameficha mimba ya kwanza kwa kuogopa jicho. Sista wa Mgolole alilelewa na hofu hiyohiyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote tangu 1860, kubwa kuliko katedrali, na ilitimiza lile lililoanzishwa Réunion: binti wa waliotawaliwa anavaa vazi lilelile na kushika funguo za dawa. Suema alishika kitambaa mwaka wa sitini na kitu; hawa walikishika kwa nadhiri.

Miaka ya uhuru, Azimio la Arusha, shule kutaifishwa, zahanati kubanwa na uhaba, mapatano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa juu ya huduma za jamii: haya yote yanahitaji mwandishi wake. Ninachoweza kusema ni kwamba masista walibaki wodini hata pale majengo yalipobadilisha mwenye hati, na kwamba Mikumi, yenye hospitali ya Mtakatifu Kizito kando ya barabara kuu ya malori na mabasi, hupokea usiku majeruhi wa ajali ambao kijijini hakuna anayewajua.

Turudi kwenye miwa. Mkata miwa wa Kidodi hupimwa kwa alichokata. Akivunjika mguu katikati ya msimu, malipo yanasimama, na kama ni wa mkoa wa mbali hana jirani wa kumletea uji. Simfananishi mwajiri wa leo na mwenye msafara wa miaka ya 1860. Kuna sheria, kuna chama cha wafanyakazi, kuna bima kwa baadhi. Lakini mtu ambaye thamani yake inakoma mgongo unapogoma bado yupo, na anayefungua mlango kwake, mara nyingi, bado ni sista. Ndiyo maana nasema masista hawakufuata mapadre kuja bara. Walifuata mzigo: pembe za ndovu, risasi, kisha sukari.

Nina ombi kwa wasomaji wa Kidodi, Mikumi, Ilonga, Kilosa na vijiji vya Vidunda. Madaftari ya zamani ya zahanati za misheni, ya uzazi, ya kliniki ya watoto, yale yenye majalada ya kitambaa na mwandiko wa wino wa buluu, yapo katika stoo za parokia na yanaliwa na mchwa. Ndani yake kuna majina: ya wagonjwa, na mara nyingi, pembeni, herufi za sista aliyekuwa zamu. Paroko anayesafisha stoo asiyachome. Ayapeleke katika hifadhi ya jimbo Morogoro, au Mgolole, au Nyaraka za Taifa. Na aliyezalishwa na sista ambaye mama yake alimtaja kwa jina, aliandike jina hilo na mwaka wake wa kuzaliwa, amkabidhi katibu wa parokia kabla kitabu cha jubilei ijayo hakijapelekwa kwa mchapaji.